Biharusi Aliyeambiwa Aache Samaki



Leo hatuna shela wala hina. Tuna samaki wa mtoni. Tunaomba mtuvumilie, kwa sababu ndani ya habari hii mna ndoa, mna kazi, na mna jambo ambalo maharusi wengi wanaokuja kupimwa kwetu wanalo kifuani na hawana pa kulisemea.

Mwaka 1953 mwanamke mmoja wa Kiingereza, jina lake Rosemary Lowe, aliolewa. Alikuwa mtaalamu wa samaki, mwajiriwa wa serikali ya kikoloni, na kituo chake kilikuwa Jinja, Uganda, pale mto Nile unapotoka ziwa Victoria. Kanuni ya utumishi wa wakati ule ilikuwa fupi: mwanamke akiolewa, kazi imekwisha. Hakuna aliyesema kazi yake mbaya, hakuna aliyemshitaki kwa lolote. Ilikuwa kanuni tu, na mwanamume akioa haikumgusa. Basi akaacha kazi, akawa Bi. Rosemary Lowe-McConnell.

Jina hilo sisi tulilipata dukani. Tuko wanawake wanne, tunashona nguo za harusi na mabuibui, na elimu yetu ni kidato cha nne na kozi ya ushoni. Mteja wetu mmoja, biharusi mtarajiwa, kasomea mambo ya samaki chuo kikuu, na kazi yake ni kuingia mitoni huko bara, kuvuta nyavu, kupima samaki na kuwaandika. Siku ya kupima alikuwa kimya. Tulidhani hakupenda shingo ya gauni. Kumbe upande wa mume umeuliza, kwa adabu kabisa, kama baada ya harusi ataendelea na hayo mambo ya kwenda mtoni. Hakuna aliyegombana. Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa, na harusi ilikuwa imebakiza wiki saba. Ndipo akatutajia huyu Bi. Lowe-McConnell, akasema huyu ndiye bibi yetu sote tunaosoma perege. Tukaanza kumsoma usiku kwenye simu, mmoja anasoma kwa sauti, wengine tunapiga pindo.

Alizaliwa Liverpool mwaka 1921, akasoma chuo kikuu huko huko. Kazi yake ya mwanzo, wakati wa vita vikuu vya pili, ilikuwa mikunga wa maji baridi kwenye ziwa Windermere, kaskazini mwa Uingereza. Mikunga wale hukua ziwani na mitoni, na wakikomaa hushuka na mto mpaka baharini, wakaenda kuzaa mbali sana. Alichokiona ni kwamba hawashuki ovyo. Husubiri usiku wa giza, na maji ya mto yawe yamejaa. Mbalamwezi ikiwaka, wanatulia. Hebu fikirini, msichana wa miaka ishirini na kidogo, usiku wa manane, nchi iko vitani, yeye anahesabu mikunga. Sisi tulicheka, halafu tukanyamaza. Kuna kazi zinaonekana kichekesho mpaka uone mtu anavyozishika.

Mwaka 1945 akapelekwa ziwa Nyasa. Wavuvi wa kule wanamvua samaki wa jamii ya perege anayeitwa chambo, na serikali ilitaka kujua uvuvi wake unakwendaje. Jambo rahisi kuuliza. Lakini huwezi kujua kama samaki anapungua kabla hujajua ni samaki yupi, na chambo si mmoja. Ni aina kadhaa zinazofanana mno, ukizipanga kwenye ungo huwezi kuzitenganisha. Tofauti hujitokeza msimu wa kuzaa. Hapo dume hubadili rangi, na kila aina ina mahali pake pa kuzalia na wakati wake. Wataalamu wenyewe huita rangi ile vazi la harusi la samaki. Hatukulitunga sisi! Mmoja kati ya hao alimpa jina la kisayansi mwaka 1953, na jina alilochagua ni saka, lile lile walilokuwa wakilitumia wavuvi.

Na kuhusu kuzaa kwenyewe, Subhanallah. Dume huchimba shimo la duara kwenye mchanga chini ya maji, analisafisha, analilinda. Jike akija, anataga mle, kisha anayakusanya mayai yake kinywani na kuondoka nayo. Mayai yanaanguliwa humo humo kinywani. Watoto wakishaanza kuogelea wanatoka kidogo, wakiona hatari wanarudi mbio mdomoni kwa mama. Siku zote hizo mama hali, au hala cha maana. Mmoja wetu ana mtoto wa miezi minne na aliposikia hivyo alisema tu, "Namjua huyo samaki." Tukaendelea kushona.

Kutoka Nyasa akaja Jinja mwaka 1948, kwenye shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki, na kazi yake kubwa ikawa ngege wa ziwa Victoria. Sisi lakini tulivutwa zaidi na mto Pangani, kwa sababu ule ni mto wa jirani. Maji yake yanaanzia Kilimanjaro na Meru, yanapita Korogwe, yanamwagika baharini pale Pangani mjini, na ng'ambo ya bahari ile ndiko visiwa vyetu viliko. Bi. Lowe aliwasoma perege wa mto ule na wa ziwa Jipe, lililo chini ya milima ya Upare mpakani na Kenya, ambalo maji yake huingia mto huo huo. Akaona kwamba hawa si wale wa Victoria wala wa Nyasa.  Akawatangaza kwa majina manne: jipe, pangani, korogwe na girigan. Angalieni majina hayo. Mkoloni alikuwa na desturi ya kumpa mdudu na mti jina la bwana mkubwa wa ofisini. Huyu mama aliwaita samaki kwa kwao.

Chapisho hilo lilitoka mwaka 1955. Yeye kazini alishaondoka.

Hapa ndipo sisi tulipobishana dukani, mpaka chai ikapoa. Wengi wanaosimulia maisha yake huipita hiyo 1953 kwa sentensi moja na kusema, lakini aliendelea vizuri. Kweli aliendelea. Mume wake, Richard McConnell, alikuwa mtaalamu wa miamba, na kazi yake ikawapeleka Guyana, wakati huo koloni la Waingereza huko Amerika ya Kusini, kuanzia mwaka 1957. Bi. Lowe-McConnell hakukaa barazani kupunga upepo. Aliwasoma samaki wa pwani ya kule, akaandika. Kisha akaingia ndani, kwenye mbuga za Rupununi, na kazi aliyoifanya huko ndiyo wataalamu wa mito wanaitaja mpaka leo.

Rupununi ni uwanda wa majani. Kiangazi maji hukauka, hubaki mito myembamba na vidimbwi, na samaki hubanana humo. Masika yakija uwanda wote unafurika, mpaka maji ya mto Essequibo yanakutana na maji yanayokwenda Amazon, na samaki wanatoka nje ya mto, wanatapakaa kwenye majani yaliyozama, wanazaa, watoto wanakula na kukua humo kwenye mafuriko. Maji yakishuka wanarudi mtoni, na wanaochelewa wananasa kwenye vidimbwi. Aliona pia kwamba mto una zamu mbili. Samaki wa mchana wakijificha jua linapozama, wanatoka wengine wa usiku, na miongoni mwao wamo wenye umeme mwilini wanaotafuta njia gizani kwa umeme huo. Ukivua mchana tu ukaandika "samaki wa mto huu ni hawa", umeandika nusu ya mji.

Maana ya hayo kwa mlaji ni kubwa. Kama samaki wanazaa kwenye mafuriko, basi anayeziba mto asifurike amewafungia mlango wa chumba cha uzazi, hata kama hajavua samaki hata mmoja. Na yeye mwenyewe mwaka 1966 alihariri kitabu juu ya maziwa yanayotengenezwa na watu kwa kujenga mabwawa, wakati Afrika nzima ilikuwa inajenga. Miaka hiyo hiyo ya 60 mto Pangani nao ulizibwa likapatikana bwawa la Nyumba ya Mungu.

Waliporudi Uingereza mwaka 1962 akafanya kazi na makumbusho ya elimu viumbe ya London, pamoja na rafiki na mwalimu wake Ethelwynn Trewavas, mwanamke mwingine ambaye aliwajua perege kuliko mtu yeyote wa zama zake. Akaandika vitabu viwili vikubwa juu ya jamii za samaki wa nchi za joto, 1975 na 1987. Mwaka 1997 akapewa medali ya jumuiya ya Linnean ya London, ambayo ni heshima ya juu kwa wanaosoma viumbe. Alipofikisha umri wa miaka 85 akatoa kitabu cha maisha yake. Alifariki mwaka 2014, na miaka 93.

Kwa hiyo yuko aliyesema kati yetu, "Si mnaona, subira imelipa." Na yuko aliyejibu, "Imelipa nani?" Sisi wengi tuliegemea kwa huyu wa pili. Alichokifanya Guyana kilikuwa kizuri, lakini alikifanya kwa sababu mume alikuwa na mshahara, na kazi ya mume ilitokea kumpeleka penye mito. Je, mume angekuwa karani wa benki mjini? Bi. Lowe-McConnell angekuwa mke wa karani, na elimu ile yote ingelala kabatini na mashuka. Halafu kuna upande wa samaki. Mtu aliyemjua perege wa Pangani kwa jina na kwa rangi yake alitolewa kazini akiwa na nguvu zake zote. Hatusemi angebaki mabaya yasingetokea. Tunasema aliyekuwa na macho ya kuyaona alipelekwa nyumbani kwa barua.

Jambo jingine tunataka lieleweke, kwa sababu tunaandika kwa ajili ya maharusi na hatutaki mtu aondoke hapa na chuki ya ndoa. Kilichomtoa kazini si ndoa wala mume. Ni kanuni ya ofisi ya watu ambao hawakumjua wala hawakumuuliza. Sisi Waislamu mali ya mke ni yake na chumo lake ni lake, hilo halina mjadala. Yanayobaki ni ya kuzungumza: safari, nani anakwenda naye, siku ngapi, wazee wanasemaje, mtoto akija itakuwaje. Haya yanazungumzwa kabla. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha uzito wa masharti ya ndoa kuliko masharti mengine. Lipi linafunga na lipi halifungi, wanazuoni wana maelezo yao, basi muulizeni mwenye elimu kabla ya akdi, si siku mmeshagombana. Kinachotuudhi sisi ni ule mtindo wa kila mtu kunyamaza kwa haya, mahari yanahesabiwa mpaka senti, vitanda vinatajwa, kazi ya mtoto wa watu haitajwi, halafu mwezi wa tatu ndiyo yanaanza.

Biharusi wetu alimtuma somo wake, mama mtu mzima asiye na papara. Somo akaenda kwa mama wa mume, wakakaa siku moja asubuhi. Hofu ya mama yule kumbe haikuwa mshahara wala elimu. Ilikuwa ni mtoto wa kike kulala mwituni na wanaume asiowajua, na watu watasema nini juu ya nguo zake akitoka majini. Hofu zote mbili zina jibu. Timu ina wanawake wengine, wanalala nyumba za wageni mjini, na mume ana ruhusa ya kufuatana naye akipata nafasi. Hilo la nguo likaja kwetu.

Tukakaa nalo wiki nzima. Buibui la kawaida mtoni halifai, pindo linanasa kwenye matete na kitambaa kikinywa maji kinakuwa mzigo. Pamba ni tamu juani lakini ikilowa inaganda mwilini na haikauki. Tukatumia kitambaa chepesi cha nailoni kisichoonyesha, rangi ya udongo. Suruali pana yenye lastiki kifundoni, juu yake joho la kufika chini ya magoti lenye mpasuo mfupi pembeni ili mguu upande ukingoni, na mpasuo umezibwa na kipande cha ndani. Mikono ina lastiki. Mtandio ni wa kuvalia kichwani, umeshonwa mzima, hauna pini hata moja, kwa sababu pini ikidondoka kwenye wavu itamchoma mtu. Mfuko mmoja una zipu, wa kuwekea kalamu ya risasi. Kalamu ya wino, alituambia, haiandiki kwenye karatasi iliyolowa. Mama mkwe alipoiona ile nguo aliuliza kama tunaweza kumshonea na yeye ya shambani.

Sasa huko mtoni anatafuta nini? Hili ndilo lililotukaa zaidi, na Bi. Lowe-McConnell yumo ndani yake.

Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakihamisha perege kutoka maji haya kwenda maji yale, kwa nia njema, wapate samaki wakubwa. Sato, ambaye kwao ni mto Nile na maziwa ya huko, amepandwa kwenye mabwawa kila upande. Mvua ikija bwawa linafurika, sato yuko mtoni. Anamshinda mwenyeji kwa chakula na kwa mahali pa kuzalia. Na zaidi ya hapo, anazaliana naye. Mwaka 2019 lilitoka chapisho la watafiti waliozunguka mito na maziwa ya Tanzania, jina la kwanza juu yake ni Asilah Shechonge, na walichokikuta ni kwamba perege wageni wameshaenea karibu kila bonde. Yule perege wa Jipe aliyetajwa na Bi. Lowe mwaka 1955 ameshawekwa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Sisi wa charahani tunalielewa hivi. Ukishona vibaya, unafumua, unaanza tena. Lakini kanga mpya ikichuja kwenye beseni moja na shela jeupe, hakuna cha kufumua. Samaki wakishachanganya damu mto mzima, huwezi kumrudisha wa mwanzo.

Tuliuliza, kwa ukweli kabisa, kuna hasara gani? Si samaki ni samaki, na huyo chotara naye analika? Akatupa jibu la hapa hapa kwetu, na sisi hatukuwahi kulisikia. Kuna perege ambaye kwao ni mto Wami, ule unaotokea baharini kati ya Bagamoyo na Saadani. Zamani aliletwa Unguja. Kutoka Unguja akapelekwa Malacca, Malaysia, na kule mwishoni mwa miaka ya 50 mtaalamu Cyril Hickling aliwazalisha madume wa kutoka Zanzibar na majike wa aina nyingine, ya Msumbiji. Watoto wote wakatoka madume. Kwa mfugaji hiyo ni dhahabu, maana perege wakiwa mchanganyiko huzaana mfululizo, bwawa linajaa vijisamaki vya kiganja, lakini madume peke yao hawana la kufanya ila kula na kukua. Walidhani ni aina moja na yule wa Msumbiji, ya Zanzibar tu. Ni Ethelwynn Trewavas aliyesema mwaka 1966 kwamba huyu ni wa peke yake, akampa jina lake.

Siri kama ile ilikuwa ndani ya samaki mmoja wa mto mmoja mdogo. Wa Pangani wana zao zipi? Huyu anastahimili chumvi kiasi gani, yule ugonjwa gani? Hayo yanahitaji samaki awe bado yupo, na awe ni yeye.

Ndoa ilifungwa baada ya Idi, na mwezi wa pili akaenda Korogwe, mume akamsindikiza safari ya kwanza. Wanavuta wavu alfajiri na tena usiku, kwa sababu mto una zamu mbili. Kila perege anawekwa kwenye ubao, anapimwa urefu, anapigwa picha ubavuni kabla rangi haijafifia. Anakatwa ncha ndogo sana ya pezi, inatiwa kwenye kichupa cha spiriti kwenda kupimwa damu ya asili yake. Kisha anarudishwa majini, kichwa mbele, ashikwe kidogo mpaka aanze kupiga mkia mwenyewe.